Oili ya Giaboksi na Fungu la Matunzo

Mazungumzo ya Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya wanachama na viongozi, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu



 Wasemaji walionitangulia wamekwisha kutueleza safari ya Chama chetu katika miaka hii 10, nao wameieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kwa hiyo sitairudia. Nimechagua kusema juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona ni dogo mno kwa sherehe kubwa kama hii: nalo ni kubadilisha oili ya giaboksi katika malori na matrekta ya ushirika.

Sababu ya kulichagua ni hii. Baada ya sherehe utafuata Mkutano Mkuu, na katika makisio yatakayoletwa mbele yenu limo fungu la matunzo ya mitambo. Nimesikia, sokoni na katika vituo vya kupokelea kahawa, kwamba wako wanachama wanaokusudia kuomba fungu hilo lifutwe, na fedha zake ziongezwe katika malipo ya pili. Siwalaumu hata kidogo. Mkulima aliyechuma kahawa yake, akaimenya, akaiosha, akaianika na kuichambua, kisha akangoja miezi mingi apate malipo ya pili, ana haki ya kuuliza kila senti imekwenda wapi. Wako wanaosema, "Matunzo, matunzo! Kila mwaka tunakatwa, lakini nani amewahi kuiona hiyo oili?"

Ndugu zangu, swali hilo ni la haki. Oili ya giaboksi hukaa gizani, ndani ya chuma. Dereva aweza kuapa kwamba ameibadilisha, na karani aweza kuonyesha stakabadhi yenye mhuri, na hata hivyo ndani ikawa ni ile ile ya miaka mitatu iliyopita. Lakini jawabu la swali hilo si kulifuta fungu. Jawabu ni kwamba kila mwanachama ajue oili hii ni kitu gani, inafanya kazi gani, inabadilishwa namna gani, na inatazamwa vipi, ili asipate wa kumdanganya. Mimi si fundi; masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Nitakayoyasema ni yale ambayo kila mtu mwenye macho na mikono aweza kuyafahamu.

Kazi ya giaboksi na kazi ya oili

Sisi watu wa huku tunaijua kazi ya ng'ombe wa plau. Tunajua kwamba fahali wawili hawalimi mlimani kwa mwendo wanaolimia tambarare, na kwamba mlimaji mwenye akili huwapunguzia mwendo penye udongo mzito. Injini haina akili hiyo. Yenyewe huzunguka kwa kasi, lakini kwa nguvu isiyotosha kulitoa lori lenye shehena chini ya mlima. Giaboksi ndiyo inayobadilisha kasi kuwa nguvu. Ndani yake mna magurudumu ya chuma yenye meno, madogo na makubwa, yanayoshikana na kusukumana. Gurudumu dogo likilizungusha kubwa, mwendo hupungua na nguvu huongezeka.

Sasa fikirini meno hayo ya chuma yakisagana kutwa nzima chini ya mzigo wa tani kadhaa. Pasipo oili yangelia, yangewaka moto na kulika kwa muda mfupi sana. Oili hufanya kazi nne. Kwanza, hujitandaza kati ya jino na jino kama utando mwembamba, ili chuma kisiguse chuma. Pili, huuchukua ule moto wa msuguano na kuupeleka kwenye kuta za giaboksi, ambako upepo huupoza. Tatu, huziosha chenga za chuma na kuziacha zitulie chini. Nne, huzuia kutu wakati mashine imesimama.

Ng'ombe akichoka hulala, na akiugua hukataa majani, nawe ukajua. Giaboksi haina dalili za upesi namna hiyo. Itakubeba mwezi huu na mwezi ujao, na siku itakapopiga kelele, aghalabu meno yamekwisha kulika.

Jinsi oili inavyokufa

Wengi hudhani kwamba oili ikiwa haijapungua, basi ni nzima. Sivyo. Kuna mambo matatu yanayoiua. La kwanza ni joto. Kila inapochemka, oili huchakaa, hugeuka nyeusi na kutoa harufu ya kuungua. Zile dawa zilizotiwa kiwandani ili kuyalinda meno hupungua nguvu. La pili ni uchafu, yaani unga wa chuma unaotoka katika meno yenyewe, pamoja na vumbi la barabara zetu. La tatu ni maji, na hili ndilo nitakalolieleza zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi kuliko wengi.

Juu ya giaboksi pana tundu dogo la kupumulia. Giaboksi ikipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka kwa tundu hilo. Basi chukueni lori linaloteremka kutoka milima ya Tarime kwenda upande wa Serengeti, giaboksi na difu zake zikiwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Likiingia ghafula katika kijito kilichofurika, chuma hupoa mara moja, hewa ya ndani hunywea, na giaboksi huvuta pumzi. Ikivuta pumzi hali imezama, huvuta maji, ama kwa lile tundu, ama kwa sili za shafti zilizochakaa. Dereva huvuka salama na kumshukuru Mungu, wala hajui kwamba ameondoka na maji ya mto ndani ya giaboksi.

Maji na oili vikikorogwa na meno yale hugeuka rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa. Mchanganyiko huo hauwezi kuyalinda meno, na beringi huanza kushika kutu. Wenye vyombo vya majini wanalijua jambo hili vyema. Katika mashua na maboti ambayo injini yake imefungwa ndani ya chombo, iwe Ziwa Viktoria au baharini, giaboksi hukaa jirani na maji kila siku, na fundi wa chombo hutazama rangi ya oili kabla ya jambo lolote. Akiona maziwa, hasafiri mpaka ajue maji yameingilia wapi. Dereva wetu aliyevuka mto uliofurika na awe na desturi hiyo hiyo.

Pia lile tundu la kupumulia lisiachwe likazibwa na tope. Likizibwa, hewa yenye joto hukosa njia, nayo huisukuma oili nje kupitia sili. Wengi wamenunua sili mpya mara mbili na tatu, kumbe dawa ilikuwa kulizibua tundu kwa kipande cha waya.

Kuchagua oili

Ndugu wanachama, si kila kitelezacho ni oili ya giaboksi. Malori mengi hutumia oili nzito ya gia, yenye alama kama 90 au 80W-90 juu ya mkebe. Pamoja na namba hiyo huwa pana alama nyingine, GL-4 au GL-5. Mtu aweza kudhani kwamba 5 ni bora kuliko 4 kwa kila mashine, lakini sivyo. GL-5 ina dawa kali zaidi, nayo yafaa sana kwa difu nyingi. Ila katika giaboksi nyingine za zamani, zenye pete za shaba, dawa hizo huweza kuila shaba.

Matrekta nayo yana sheria yao. Mengi hutumia oili moja kwa gia, haidroliki na breki zilizo ndani, na kwa hiyo oili yake ni ya namna ya pekee. Trekta la jinsi hiyo huweza kumeza lita 30 na zaidi. Na mashine nyingine, zikiwemo giaboksi kadhaa za maboti, hutumia oili nyepesi kabisa. Kwa ajili hiyo, mwamuzi awe kitabu cha mashine yenyewe, wala si muuza duka, wala si mazoea ya dereva. Kitabu kikipotea, Chama kitafute kingine kabla ya kununua oili.

Ama kuhusu muda wa kubadilisha, vitabu vya matrekta mengi hutaja saa za kazi 1,000 hivi. Malori huhesabiwa kwa kilomita. Lakini oili iliyoingia maji haingoji saa wala kilomita. Hubadilishwa siku ile ile.

Namna ya kubadilisha

Nitaeleza hatua kwa utaratibu, kwa maana ndani ya utaratibu huo mna hekima.

Kwanza, mashine itembezwe kidogo ili oili ipate joto. Oili baridi ni nzito, hutoka polepole, na taka zake hubaki zimeganda chini. Hata hivyo isiwe moto wa kumuunguza mtu.

Pili, isimamishwe mahali pa tambarare, izimwe, ufunguo utolewe, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe vigingi. Mtu asiingie kamwe chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake.

Tatu, pasafishwe kwa brashi na kitambaa kandokando ya vizibo vyote viwili, cha kujazia na cha kumwagia, ili vumbi lisiingie ndani.

Nne, na hili mlishike sana: kifunguliwe kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Wengi hufanya kinyume. Humwaga oili yote, kisha huona kizibo cha juu kimeshika kutu na hakifunguki. Hapo mashine imekwisha kuwa tupu, haiwezi kujazwa, na haiwezi kujipeleka kwa fundi. Ukijua kwamba cha juu kinafunguka, ndipo umwage.

Tano, chombo safi cha kukingia kiwekwe chini, kizibo cha kumwagia kifunguliwe, na oili iachwe itiririke mpaka ibaki kudondoka tone tone. Asiwepo mwenye haraka, kwa kuwa tone la mwisho ndilo lenye taka nyingi.

Sita, kizibo kitazamwe. Vingi vina sumaku ya kunasa chuma. Kisafishwe, kiwekewe washa mpya kama ile ya zamani imebonyea, kisha kirudishwe na kukazwa kwa kadiri, maana wapo mafundi wenye nguvu waliovunja nyuzi za chuma kwa kukaza kupita kiasi.

Saba, oili mpya imiminwe kwa faneli safi mpaka kwenye kipimo. Katika giaboksi nyingi za malori kipimo ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia: oili ifikapo hapo na kuanza kuchuruzika, imetosha. Nyingine zina kijiti cha kupimia. Ikipungua, meno ya juu huungua. Ikizidi, hukorogeka na kutoa povu, hupata moto na kusukuma sili.

Nane, mashine itembezwe kidogo, isimamishwe, itazamwe kama inavuja, na kipimo kirudiwe.

Kuisoma oili ya zamani

Kabla oili ile haijaondolewa, isomwe kama vile mwalimu asomavyo daftari la mwanafunzi. Ute wa kijivu, laini kama uji, juu ya sumaku si jambo la kutisha. Ndio ulikaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au kipande cha jino, ni habari mbaya, na mashine isirudi kazini kabla ya kufunguliwa na fundi. Chembe za rangi ya dhahabu zaonyesha kwamba shaba inalika. Weusi na harufu ya kuungua maana yake ni joto jingi au kuchelewa. Rangi ya maziwa maana yake ni maji.

Nakumbuka trekta la chama kimoja cha msingi, ambacho jina lake sitalitaja. Lilisimama katika wiki ya kwanza ya mvua za kulimia, na wanachama walikuwa wamekwisha kulipa amana zao. Fundi alipofungua kizibo, kilitoka kitu kizito cha kijivu, nacho kilikuwa kichache, pamoja na meno mawili ya gia. Mvua haikumngoja fundi. Wenye ng'ombe waliyarudia mashamba yao kwa plau. Wasio na ng'ombe, na wengi wao walikuwa akina mama wajane, walipanda wakiwa wamechelewa. Amana zilirudishwa kidogo kidogo, na gharama ya giaboksi ilikatwa katika mazao ya wanachama wote. Mwaka uliotangulia, chama hicho kilikuwa kimelifuta fungu lake la matunzo. Kwa hiyo fedha hazikuokolewa. Zililipwa baadaye, tena kwa wingi zaidi, na waliolipa zaidi ya wote ni wale waliokuwa na kidogo.

Hasara ya namna hii ilikwisha kuonekana katika nchi yetu kwa kadiri kubwa sana. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga kule Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya vita, yaliyokwisha kutumika, nayo yakatupwa katika udongo mgumu wa Kongwa, na mafundi, karakana na vipuri havikutosha. Mengi yalikufa upesi. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama vile ukame, lakini mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30. Ikiwa dola lenye fedha nyingi namna ile lilishindwa kununua mashine bila kununua matunzo, sisi wenye fedha ya kahawa na tumbaku tutaweza wapi?

Oili chafu isiwe sumu

Liko jambo la oili iliyomwagwa. Nawaomba sana isimwagwe mtaroni wala kandokando ya kijito. Maji ya vijito vyetu huingia mto Mara, na mto Mara huingia Ziwa Viktoria. Katikati ya safari hiyo wako watu na mifugo wanaokunywa. Ikusanywe katika dumu lenye kifuniko na alama, mpaka apatikane mwenye idhini ya kuikusanya. Wapo wanaoipaka ng'ombe kwa kufukuza kupe, au kidonda kwa kudhani ni dawa. Si dawa. Ina mabaki ya madini na ya kuungua, na hudhuru ngozi ya mnyama na ya mtu.

Tena isiwekwe ghala moja na kahawa. Kahawa ya maganda huvuta harufu kama kitambaa kivutavyo maji. Gunia moja likigusa oili, mwonjaji wa mnadani atalijua kwa unywaji mmoja tu, na doa hilo litashusha bei ya shehena iliyochumwa na mikono mia. Chumba cha oili na ghala la kahawa viwe mbali, na mpakuzi wa magunia aoshe mikono.

Daftari na mashahidi

Sasa narudi kwenye lile swali la haki: nani ameiona oili? Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Napendekeza kila mashine ya ushirika iwe na daftari lake. Kila oili inapobadilishwa ziandikwe tarehe, saa za kazi au kilomita, namna ya oili, lita zilizoingia, lita zilizotoka, na hali ya ile iliyotoka. Lita zilizotoka zikiwa pungufu sana kuliko zilizoingia mara ya mwisho, hapo pana swali: ama inavuja, ama haikuingia.

Lakini daftari laweza kuandikwa mezani. Kwa hiyo napendekeza zaidi: siku ya kubadilisha oili itangazwe kwenye ubao wa chama, na wanachama wawili wasio wajumbe wa bodi wawepo. Waione oili ya zamani ikitoka, waone mkebe mpya ukifunguliwa mbele yao, watie vidole vyao, kisha watie sahihi. Oili kidogo iliyotoka iwekwe katika chupa safi yenye tarehe, ikae ofisini mpaka mara ijayo. Mwanachama yeyote akija kuuliza, asipewe maneno. Apewe daftari na chupa.

Nafahamu kwamba baadhi ya viongozi wenzangu watasema jambo hili ni kutoaminiana. Nawajibu kwa heshima kwamba imani ya ushirika haikujengwa kwa kufumba macho. Wazee wetu waliuona mwaka 1976, Vyama Vikuu vilipovunjwa na mali yao ikaenda kwingine, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipofungua tena mlango. Waliporudi, kilichosaidia palipobaki kitu cha kudai kilikuwa ni maandishi. Kiongozi mwaminifu hana hasara kwa kutazamwa. Daftari humlinda yeye kwanza.

Basi, ndugu wanachama, fungu hili litakapoletwa mbele yenu, nawaomba msilifute. Liulizeni. Ulizeni ni mashine ngapi, lita ngapi, za namna gani, na nani atakayeshuhudia. Viongozi wakishindwa kujibu, lirudisheni mpaka wajibu. Wakijibu, lipitisheni, kisha njooni siku ya kubadilisha mkatazame kwa macho yenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa giaboksi ni ghali kuliko malipo ya pili ya wengi wetu.

Chama chetu kimetimiza miaka 10. Mwenyezi Mungu akitujalia tukutane tena katika ya 20, natumaini malori haya haya yatakuwa bado yanapanda milima ya Tarime na kuvuka mto Mara kwenda Mugumu, na madaftari yake yamejaa sahihi za wakulima.